Misamaha ya kodi na ruzuku kwa makampuni makubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Serikali ya Tanzania kweli inawapa matajiri hela?

Mara chache inawapa taslimu. Msaada mkubwa kwa makampuni hupita njia isiyoonekana, yaani kodi iliyopaswa kulipwa halafu ikasamehewa. Kuna msamaha wa ushuru wa forodha kwenye mitambo, msamaha wa VAT, kampuni kutolipa kodi ya mapato kwa miaka kadhaa, ardhi iliyotolewa kwa bei ya chini ya soko, au umeme na barabara iliyofikishwa hadi getini kwa gharama ya umma. Ruzuku ya fedha ipo pia, kama ile ya mbolea na ya mafuta, na tumeieleza mbele kidogo.

Tofauti kati ya njia hizi mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Fedha taslimu lazima ipite kwenye fungu la bajeti, ijadiliwe bungeni, ilipwe kwa hati na ikaguliwe. Msamaha hauna safari hiyo. Hela haikuingia, kwa hiyo hakuna hati ya malipo inayoonyesha kwamba imetoka. Ndiyo maana misamaha iliweza kufika takriban shilingi trilioni 1.8 mwaka wa fedha 2011/12, kiasi kilichoibuliwa kwenye ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kabla Sheria ya VAT ya 2014 haijafuta sehemu kubwa ya misamaha ya kodi hiyo kuanzia Julai 1, 2015.

Msamaha wa kontena moja ni shilingi ngapi?

Chukua mzigo uliofika Bandari ya Dar es Salaam wenye thamani ya shilingi milioni 100, bima na nauli ya meli zikiwa ndani. Tuseme bidhaa hiyo iko kwenye kundi la ushuru wa asilimia 25. Ushuru ni milioni 25. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye ile milioni 100. Inapigwa kwenye milioni 125, kwa sababu ushuru huongezwa kwanza, na jibu lake ni milioni 22.5. Jumla ni milioni 47.5, bila tozo ndogondogo za reli na za forodha.

Karibu nusu ya thamani ya mzigo, basi. Ukisikia mradi umeruhusiwa kuingiza makontena 80, una mahali pa kuanzia hesabu yako.

Nani hasa ana mamlaka ya kusamehe?

Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge au utaratibu uliopewa nguvu na sheria hiyo. Lakini sheria zenyewe zimegawa madaraka ya kusamehe, na hapo ndipo mwananchi hupotea njia. Kwa ufupi:

- Waziri wa Fedha anaweza kusamehe kodi ya mapato chini ya kifungu cha 10 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kwa amri inayochapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Sheria ya VAT nayo inampa mamlaka ya namna hiyo kwa aina fulani za miradi.
- Mamlaka ya uwekezaji, zamani TIC pale Mtaa wa Shaaban Robert, hutoa cheti cha vivutio. Mwaka 2025 TIC na EPZA, mamlaka ya maeneo ya viwanda vinavyouza nje (EPZ), ziliunganishwa kuwa TISEZA. Sheria ya Uwekezaji ya 2022 iliweka mtaji wa chini wa dola 50,000 kwa Mtanzania na dola 500,000 kwa mgeni ili kupata cheti. Wawekezaji mahiri wenye mamilioni ya dola hujadiliwa kwenye kamati ya kitaifa, na wanaweza kupewa nyongeza juu ya vivutio vya kawaida.
- Jumuiya ya Afrika Mashariki huchapisha kwenye gazeti lake nafuu za ushuru wa forodha ambazo kila nchi imeomba. Watu wengi hawalifungui gazeti hili. Lifungue mwezi Julai, mara tu mwaka wa fedha unapoanza.
- Bunge lenyewe hutunga sheria ya mradi mmoja. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lilitungiwa sheria yake ya masharti maalumu mwaka 2021.

Kosa la kawaida ni kumwandikia TRA, mkusanyaji wa kodi, kuuliza kwa nini kampuni fulani imesamehewa. Mara nyingi TRA anatekeleza tu amri ya mwingine. Muulize aliyesaini.

Masharti ya EPZ ni yapi? Nimeona viwanda vya Mabibo.

Eneo la Benjamin William Mkapa pale Mabibo External ni mfano mzuri kwa mkazi wa Dar. Kampuni yenye leseni ya EPZ ilipewa miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, kwa sharti kwamba angalau asilimia 80 ya bidhaa zake ziuzwe nje ya nchi.

Hapo pana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni ile asilimia 20 inayobaki: nani anapima kwamba haijawa 50? Bidhaa ikiingia soko la ndani inapaswa kulipiwa kodi kama mzigo kutoka nje, na lori linalotoka getini linapaswa kuwa na hati ya forodha. La pili ni mwaka wa 10. Ukiona kampuni inafungwa mwishoni mwa msamaha, kisha jengo lilelile, mashine zilezile na meneja yuleyule vinaendelea chini ya jina jipya, nenda BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, Jengo la Ushirika, Mtaa wa Lumumba, ukatafute tarehe ya usajili ya kampuni mpya na majina ya wakurugenzi. Upekuzi huo unafanyika pia kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Rejesta ya wamiliki wanufaika, iliyoanzishwa kisheria mwaka 2020, haiko wazi kwa umma, kwa hiyo tegemea wakurugenzi na wanahisa waliosajiliwa.

Nataka kufuatilia kampuni moja. Nianzie wapi?

Usianze na kiasi cha hela. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaomba kujua kampuni ilisamehewa shilingi ngapi, wanajibiwa kwamba taarifa za mlipakodi ni siri kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Kodi, na safari inaishia kaunta. Anza na masharti. Karibu kila kivutio kina ahadi nyuma yake: ajira kadhaa, mtaji kiasi fulani, kukamilisha ujenzi ndani ya muda, kuuza nje, kununua malighafi za ndani. Ahadi iliyotolewa kwa serikali ili kupata nafuu ya umma ni vigumu kuiita siri ya biashara.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Tafuta kwanza amri yenyewe. Tangazo la Serikali, wengi huliita GN tu, lina namba na mwaka, na mengi yanapatikana bure kwenye tovuti ya sheria ya TanzLII au kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Soma kwa makini maneno "kwa kiwango" na "kwa muda", kwani humo mna mipaka ya msamaha. Amri isiyo na tarehe ya mwisho iandike pembeni kwa wino mwekundu.

Pili, pekua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Hotuba ya bajeti husomwa katikati ya Juni, na marekebisho ya kodi huwa mwishoni mwa hotuba, kurasa ambazo magazeti huzifupisha kuwa bia, soda na sigara. Humo ndimo unakuta sentensi kama "kutoa msamaha kwa malighafi zinazotumiwa na watengenezaji wa bidhaa fulani". Kama nchini kuna mtengenezaji mmoja tu wa bidhaa hiyo, umeshapata jina bila kutajiwa.

Tatu, omba orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa. Mwekezaji mwenye cheti huwasilisha orodha ya bidhaa za mtaji anazotaka kuingiza, na ujanja mwingi umo humo. Hoteli ya vyumba 60 ikiombewa viyoyozi 200, hesabu inakuambia kuna viyoyozi vya kwenda Kariakoo. Vivyo hivyo na magari ya mradi, nondo, saruji na dizeli. Wakala wa forodha mzoefu atakuonyesha kasoro hiyo ndani ya dakika 5. Kitu kilichosamehewa kikiuzwa au kikihamishiwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru wake unapaswa kulipwa kwanza.

Mwisho nenda kwenye eneo. Hesabu madirisha, uliza walinzi kuhusu zamu, piga picha ukiwa barabarani, usiingie kwenye uzio. Ajira 400 zilizoahidiwa kwenye karatasi hazijifichi kirahisi saa 12 asubuhi wafanyakazi wanaposhuka kwenye daladala.

Barua ya kuomba taarifa iandikweje?

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ni ya raia, kwa hiyo ambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA. Iwe fupi. Mfano wa kiini chake:

> Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kupatiwa: (1) nakala ya cheti au amri iliyoupa mradi tajwa vivutio vya kikodi, pamoja na tarehe ya kuanza na kuisha; (2) masharti yote aliyowekewa mwekezaji; (3) idadi ya ajira iliyoahidiwa, na idadi iliyothibitishwa na ofisi yako hadi Juni 30 iliyopita; (4) tarehe ya ukaguzi wa mwisho wa mradi na nakala ya taarifa yake. Endapo sehemu ya nyaraka hizi imezuiliwa kisheria, naomba nipewe sehemu iliyobaki na kutajiwa kifungu kinachozuia.

Peleka nakala mbili masjala. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri ule huna siku ya kuanza kuhesabu. Ofisi ina siku zisizozidi 30 kukujibu. Usiombe "taarifa zote kuhusu kampuni". Ombi pana hukataliwa haraka, na kusema kweli afisa anayelipokea hajui aanzie faili gani.

Wakinijibu "ni siri ya biashara"?

Sheria inalinda kweli maslahi ya kibiashara, pamoja na usalama wa taifa na faragha ya mtu. Lakini siri hiyo ni ya fomula, bei za wateja na michoro. Haifuniki ahadi ya ajira. Omba mapitio kwa mkuu wa taasisi ndani ya siku 30 tangu upate jibu, ukieleza kipengele kwa kipengele kwa nini hakiangukii kwenye zuio. Usiporidhika, kata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria ndani ya siku 30. Uamuzi wake ndio wa mwisho katika ngazi hiyo. Kinachobaki ni Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio ya uamuzi, ambako muda wa kuomba ni miezi 6.

Ripoti ya CAG inatoka lini, na nisome wapi?

Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. CAG humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi unaofuata. Kwa Ibara ya 143, ripoti huwasilishwa bungeni ndani ya siku 7 tangu kuanza kwa kikao cha kwanza kinachofuata, ndiyo maana mtaani tunaisikia Aprili. Baada ya hapo inawekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi.

Ripoti ni kadhaa: ya Serikali Kuu, ya Mashirika ya Umma, ya Serikali za Mitaa, ya Miradi ya Maendeleo na za ukaguzi wa ufanisi. Misamaha ya kodi itafute kwenye ile ya Serikali Kuu, sura inayohusu mapato na TRA. Halafu ruka hadi kwenye jedwali la utekelezaji wa mapendekezo ya miaka ya nyuma. Hilo jedwali kwetu ni muhimu kuliko vichwa vya habari. Pendekezo lililoandikwa "halijatekelezwa" kwa mwaka wa 3 mfululizo ni swali lililokwisha kuandaliwa kwa ajili ya mbunge wako.

Na Kamati ya PAC?

PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, huwahoji maafisa masuuli, yaani watendaji wanaowajibika kwa fedha za taasisi, kwa kutumia ripoti ya CAG. Haianzi uchunguzi kwa sababu umeiandikia, ila katibu wa kamati anapokea maoni, na mbunge akiwa na namba ya ukurasa wa ripoti mkononi anauliza vizuri zaidi kuliko akiwa na hasira tu. Mpe swali moja lenye namba.

Ruzuku ya mbolea ni ya mkulima. Kwa nini mnaihesabu kama ya makampuni?

Faida inakusudiwa kwa mkulima, lakini hela inalipwa kwa kampuni. Msimu wa 2022/23 zilitengwa shilingi bilioni 150. Mkulima aliyesajiliwa alilipa 70,000 kwa mfuko wa kilo 50 wa urea, wakati bei ya soko ilizidi 120,000. Tofauti ile kampuni iliidai serikalini baada ya mauzo kuonekana kwenye mfumo.

Ugonjwa wake unajulikana. Mfuko "unauzwa" kwenye mfumo kwa namba ya mkulima asiye na habari, kisha mbolea yenyewe inavuka mpaka au inarudi sokoni kwa bei kamili. Kwa kampuni na mawakala waaminifu tatizo ni kinyume chake: wameuza kwa bei ya ruzuku, malipo ya serikali yanachelewa, msimu ujao hawaagizi mzigo wa kutosha. Anayehoji ruzuku hii aulize yote mawili, madai yaliyokataliwa ni mangapi na madai yaliyohakikiwa lakini hayajalipwa ni mangapi. Kwenye vitabu vya bajeti, fungu la Wizara ya Kilimo ni 43.

Ruzuku ya mafuta ya 2022, bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, nayo ililenga kupunguza bei kwenye pampu. Kipimo chake kilikuwa rahisi zaidi: bei kikomo za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, zilitangazwa kila mwezi, na dereva yeyote wa bodaboda aliweza kulinganisha na bango la kituo.

Migodi iko mbali na Dar. Inatuhusu nini?

Kwa sababu ndiko nchi ilikojifunza kwa gharama kubwa. Mikataba ya zamani ya uendelezaji migodi iligandisha masharti ya kodi, na migodi mikubwa ikawa inalipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka badala ya asilimia 0.3 ya mauzo. Mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi uliosainiwa London Februari 2007 ulizua mtafaruku bungeni, Zitto Kabwe akasimamishwa ubunge Agosti mwaka huo, kisha ikaundwa Kamati ya Jaji Mark Bomani iliyotoa ripoti 2008.

Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa. Serikali hupata hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia, na inaweza kufikisha hadi asilimia 50 kulingana na thamani ya misamaha ya kodi iliyoipa kampuni. Kifungu hicho hakipewi sifa zake. Kimeitambua nafuu ya kodi kuwa ni mtaji wa umma unaostahili hisa. Lakini ili kukitumia lazima uwe na daftari la misamaha, mwaka kwa mwaka, kampuni kwa kampuni. Uliza kama daftari hilo lipo. Asilimia 16 ya kampuni ya Twiga, iliyozinduliwa na kampuni ya dhahabu ya Barrick mwaka 2020 baada ya mgogoro wa kodi na Acacia, kampuni yake tanzu, ni ya serikali kwa msingi wa sheria hiyo.

Kampuni ikishindwa kutimiza ahadi, hela inarudi?

Inarudi pale tu mkataba au sheria inaposema hivyo, na pale mtu anapopima. Cheti kinaweza kufutwa, kodi iliyosamehewa inaweza kudaiwa, lakini ofisi ambayo haijawahi kukagua haina hoja ya kufuta.

Wenzetu nao wameumia. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin, Marekani, liliahidi kampuni ya Foxconn nafuu ya takriban dola bilioni 3 kwa ajira 13,000. Ajira hazikuja, na 2021 mkataba ukaandikwa upya: dola milioni 80 kwa ajira 1,454. Kilichowaokoa ni kwamba sehemu kubwa ya malipo ilifungwa kwenye ajira zilizokwisha kupatikana. Zile barabara na ardhi zilizotangulia hazikurudi. Nchini humo pia kuna kanuni ya uhasibu namba 77 ya mwaka 2015, inayozitaka serikali za majimbo na miji zieleze kwenye hesabu zao mapato waliyopoteza kwa mikataba ya kusamehe kodi.

Naweza kwenda mahakamani?

Unaweza, ukiwa na wakili na subira. Kuishtaki serikali kwa kesi ya kawaida kunahitaji notisi ya siku 90. Kesi za haki za msingi, baada ya marekebisho ya 2020, zilikutaka ueleze kwa kiapo jinsi jambo lilivyokugusa wewe binafsi, na mlipakodi wa kawaida alibanwa hapo. Waliopinga makubaliano ya bandari na Dubai walifungua shauri Mahakama Kuu Mbeya, likatupwa Agosti 10, 2023. Barua yenye mhuri ina gharama ndogo zaidi, anza nayo.

Mimi ni mfanyakazi wa ndani na nimeona hati za kughushi. Nifanyeje?

Usitoe nyaraka nje ya ofisi kiholela. Andika namba ya hati, tarehe na nani alisaini, kisha wasiliana na TAKUKURU kwa namba 113, haina malipo. Kuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Ulinzi wake unakwenda kwa aliyetoa taarifa kwa mamlaka husika akiwa na nia njema. Aliyerusha picha kwenye makundi ya WhatsApp asiutegemee. Na taarifa uliyopewa rasmi usiipotoshe hata kwa neno moja, kwa kuwa sheria ya 2016 imeweka adhabu ya kifungo kwa hilo.

Nimejibiwa kwa ukurasa mmoja: "mradi unaendelea vizuri." Sasa?

Hilo si jibu, lakini ni karatasi, na ina saini. Andika tena ndani ya wiki, taja kumbukumbu namba ya barua yao, rudia maswali (2) hadi (4) pekee, kila moja kwa mstari wake, na uache nafasi tupu chini ya kila swali wajaze. Nakala iende kwa mkuu wa taasisi. Gonga mhuri tena masjala, na siku 30 zianze upya.